Mama wa Kwenye Cheti

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kutoa kopi za vyeti vya kifo.

Sikuiomba kwa jina hilo. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi wa tano, na mbele yangu kulikuwa na miezi ya kungoja: matokeo, udahili, mkopo wa chuo. Wavulana wa darasa letu walikwenda kupakia magunia kwenye maghala ya mahindi. Wasichana wawili walianzisha tuisheni ya watoto wa darasa la saba. Mimi nilipata nafasi kwenye steshenari iliyo karibu na stendi, mjini Sumbawanga. Mwenye duka alikuwa mwalimu wangu wa shule ya msingi aliyeacha chaki, mwanamke mnene, mcheshi, na mji mzima ulimwita Madam. Alinipa chumba cha nyuma cha kulala, katikati ya maboksi ya karatasi, na kiti mbele ya kompyuta.

Mwezi wa saba upepo wa Ufipa hautulii. Unatikisa mabati kutwa, na vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Matokeo yalipotoka, vijana walijaa dukani na majaketi yao, kila mmoja amekumbatia bahasha. Nilikuwa na utaratibu wangu. Kwanza namfungulia mwombaji akaunti, kisha napakia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, halafu nauliza, "Wazazi wote wapo?" Aliyejibu hapana alitoa karatasi nyingine.

Haikupita wiki nikagundua jambo. Vyeti vya kuzaliwa vilikuja vimekunjwa, vimelowa, kona zimeliwa na mende. Vyeti vya kifo vilikuja safi, ndani ya nailoni, vimenyooka kana kwamba vimetolewa jana.

"Aliye hai anapoteza mpaka kitambulisho," Madam alisema nilipomwambia. "Marehemu hapotezi kitu."

Nilicheka naye. Lakini kufikia katikati ya mwezi nilikuwa nimeshika majina ya wafu wengi kuliko ya walio hai. Jina, umri, sababu. Nilianza kuwatazama watoto wao usoni, upande wa pili wa meza, na kutafuta ile sababu.

Mchana mmoja wateja walipopungua, Madam alivuta kiti cha wateja akanionyesha. "Kaa hapo. Sasa zamu yako."

Akashika kipanya cha kompyuta mwenyewe. "Baba?"

"Amefariki. Cheti chake hiki."

"Mama?"

"Yupo."

Alisoma cheti changu cha kuzaliwa, akasoma kitambulisho cha mzazi nilichokuja nacho kutoka nyumbani, akarudia cheti. "Majina hayafanani."

"Najua."

"Huyu wa kwenye cheti ni nani?"

"Alishakufa, Madam."

"Na huyu wa kwenye kitambulisho?"

"Ndiye aliyenizaa."

Madam akavua miwani. "Hebu anza upya. Na uende polepole, mimi si polisi."

Nilimweleza kama nitakavyoeleza hapa.

Watu wetu ni wafugaji. Walifika bonde la Rukwa na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa kabla sijazaliwa, wakajenga nje kidogo ya Milepa. Mama yangu alizaa watoto watatu kabla yangu, na wote walikufa hawajaota meno. Nilipozaliwa mimi, bibi mzaa baba alifanya kinachofanywa katika ukoo wetu nyumba ikiandamwa namna hiyo. Kabla ya jua kutoka alinipitisha mlango wa nyuma, akanilaza juu ya jaa la majivu, akarudi ndani na kufunga. Mama aliambiwa alie kama aliyefiwa. Kisha jirani yetu, mwanamke wa Kifipa waliyepatana naye tangu jana yake, akapita kama mpita njia. Akaniokota, akapaza sauti: "Jamani, watu wa hapa mnatupa vitu vizima!" Akazunguka mlango wa mbele, akaniuza kwa mama yangu kwa bakuli la ulezi.

Kuanzia hapo nilikuwa mtoto wa kununuliwa, ili kile kilichokuwa kinafuata watoto wa mama kisinione. Jirani nilimwita mama. Aliyenizaa nilifundishwa kumwita shangazi. Kwa kawaida mambo hayo huisha mtoto akianza kutembea, anarudishwa kwa mama yake na maisha yanaendelea. Langu halikuisha, kwa sababu bibi aliongeza kitu ambacho nijuavyo hakuna mwingine aliyewahi kukiongeza. "Mauti nayo siku hizi inasoma," alisema. Kwa hiyo aliyenibeba kliniki ni jirani, na jina lililoandikwa kwenye kadi kama la mama ni la jirani. Kadi ikazaa cheti. Jina la baba liliachwa lilivyo. Bibi alisema kinachofuatwa ni tumbo.

Shangazi alikuwa mwangalifu kuliko hata bibi. Nikifaulu, alinyamaza. Nikiugua malaria na mgeni akapiga hodi, alijibu kwa sauti ya kufika nje: "Huyo si wa hapa. Akifa, wenyewe watakuja kumchukua." Na wakati anasema hivyo mkono wake ulikuwa unanibadilishia kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Nilizoea. Mtoto huzoea lolote linalofanywa kila siku.

Madam alisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kuwa mwalimu. "Njia ni mbili. Upate cheti cha kifo cha huyu jirani, uombe kama yatima wa pande zote. Au aliyekuzaa aende kwa wakili akaape kwamba mama ni yeye, tuanze kurekebisha cheti na kiapo tukiambatanishe. Dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi."

"Na nisipopata mkopo?"

"Utabaki hapa, tutoe kopi wote mpaka nizeeke."

Alitaka nicheke. Niliitazama ile mashine, kioo chake kimefunikwa, nikaona miaka yangu yote ikipita juu yake karatasi moja moja.

*

Nilianza na njia ya kwanza kwa sababu ilionekana rahisi. Jirani na mumewe walikuwa wamerudi uwandani, huku juu, kwa wazee wao nilipokuwa darasa la tano, na huko ndiko alikozikwa miaka miwili baadaye. Jumamosi nilipanda bodaboda hadi kijijini kwao, kwenye njia ya Kasesya. Ukungu ulikuwa haujanyanyuka, na malori ya mpakani yalitokea ndani yake yamewasha taa, yakapotea tena bila hata kupiga honi.

Nilimkuta mumewe, sasa mzee, nyuma ya nyumba anapiga ulezi kwa fimbo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakusimamisha fimbo. "Umekua. Unafanana na wa kwenu."

Nilimweleza shida yangu. Alisikiliza huku akipiga, nilipomaliza ndipo aliposimama.

"Cheti cha kifo ninacho, kipo ndani. Sikupi."

"Kwa nini, baba?"

"Ukikiweka pamoja na hicho chako, serikali itasoma nini? Itasoma kwamba mke wangu alizaa na mchunga ng'ombe wa bondeni. Sisi tulifunga ndoa kanisani. Mungu hakutupa mtoto, tukanyamaza. Leo niandike kwamba alikuwa naye mmoja, wa nje?"

"Alikuwa anamsaidia jirani, baba. Kila mtu anajua."

"Karatasi haijui." Akakaa juu ya gogo. "Unakumbuka alikufa lini?"

"Nilikuwa darasa la saba."

"Ulikuwa unaumwa."

"Ndiyo."

"Siku mbili hujitambui. Wakamwita ashuke bondeni, mama wa mtoto ni yeye. Nikamwambia usiende. Akaenda. Wewe ukaamka. Yeye akarudi hapa, akajilaza pale, hakuamka." Alinionyesha dirisha dogo kwa ncha ya fimbo. "Kwenu mnasema mauti inadanganyika. Ilifuata jina, ikamkuta mwenye jina."

Akainuka kuendelea na ulezi wake. Nilimuaga, akaitikia vizuri tu, kama mtu aliyemalizana na mgeni.

Hapa inabidi niandike pia ninayoyajua. Yule mama alikuwa na presha kwa miaka mingi, na siku ile ya kurudi gari liliharibika njiani, akaupanda mlima kutoka bondeni kwa miguu. Hayo ni kweli, nimeyathibitisha kwa zaidi ya mtu mmoja. Ni kweli pia kwamba tulipokuwa tunarudi mjini nilimwambia dereva wa boda asimame, nikageuka nyuma. Barabara ilikuwa tupu. Majani ya pembeni yalikuwa yamelala upande mmoja.

"Vipi dada, umeangusha kitu?"

"Hapana."

"Basi usitazame sana nyuma. Upepo wa huku unaita watu."

"Unawaitaje?"

"Aa, natania, dada. Twende, baridi hii."

*

Ikabaki njia ya pili. Nilimpigia shangazi simu, nikamweleza kiapo ni nini na kwa nini lazima aseme yeye. Nikasikia ng'ombe upande wake wa simu. Kisha akauliza kama jina la yule marehemu litafutwa na lake kuandikwa mahali palepale.

"Ndiyo, shangazi. Palepale."

"Nitapanda Jumatatu."

Sikumwambia maneno ya mzee. Nilikuwa na siku nzima ya kumwambia, na simu ilikuwa na salio. Nilijua jina lake linakwenda kukaa wapi, na nilijua nani alikuwa hapo kabla yake, na nilinyamaza kwa sababu nilitaka chuo. Watu wakinisifu kwa kupenda ukweli, huwa nakumbuka Jumatatu ile.

Alifika saa nne, amejifunga kitenge juu ya sweta la mtu mwingine. Hakunipa mkono. Madam alimkaribisha chai, akanywa akiwa amesimama, macho yake kwenye mashine ya kopi iliyokuwa inamulika karatasi ya mteja.

"Inafanya nini?"

"Inatoa nyingine kama hiyo, mama," Madam akasema.

"Zikishakuwa mbili, ya kweli ni ipi?"



Wakili alikuwa kijana mwenye suti, chumba chake juu ya duka la mbolea. Alikuwa ameshachapa kila kitu. "Ni rahisi, mama. Unanifuata ninavyosoma, kisha unasaini. Mimi, naapa kwamba ndimi mama mzazi wa..."

Shangazi hakumfuata. Alikuwa anatazama mlango mdogo ulio nyuma ya meza. "Mle ndani kuna nani?"

"Hamna mtu. Mafaili tu."

"Ufunge."

Wakili akaufunga, anatabasamu.

"Na huo mkubwa. Na dirisha."

"Sawa, tumefunga vyote. Lakini kiapo ni kwa sauti, mama yangu. Serikali haisikii minong'ono."

"Asiyesikia hanitishi, kijana," shangazi akasema.

Tabasamu la wakili likaisha. Shangazi akanigeukia, akaniangalia usoni moja kwa moja. Sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo kabla. Macho yake yalikuwa na rangi ya kahawia zaidi kuliko nilivyodhani.

"Ukiipata hii karatasi, utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Mbali?"

"Mbali, shangazi."

Akavuta pumzi. Hakufuata maneno ya wakili. Alisema yake, kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya shamba: "Huyu nilimzaa mimi. Mimi mwenyewe. Hakuokotwa."

Mlango ukagongwa. Mara tatu, taratibu, kama anavyogonga mtu mwenye adabu. Wakili akaenda kuufungua. Ukumbi ulikuwa mtupu mpaka kwenye ngazi. Alisema ni upepo. Mimi mwenyewe niliinuka nikakagua kitasa: kilikuwa kimelegea, ukikisukuma kinagonga fremu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo kilivyokuwa. Shangazi hakugeuka. Alishika kalamu akaandika jina lake, herufi moja moja, kubwa, na wakili akagonga mhuri juu yake.

Kule chini, barabarani, akaniambia bila kunitazama, "Usishuke bondeni mpaka siku ya kuondoka. Na simu usinipigie." Akavuka, akaenda zake upande wa pili wa barabara. Nilimfuata kwa macho mpaka kona ya soko. Mtu asiyetujua asingedhani tumewahi kuonana.

*

Maombi yalikwenda siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Nikarudi kwenye kopi zangu.

Mwezi wa nane homa ikanishika. Nilipimwa, nikakutwa na malaria, nikapewa dawa. Jioni ya pili Madam aliogopa, akachukua simu yangu akampigia shangazi, nami namsikia kutoka kwenye godoro. "Mama, mwanao anaumwa." Kisha akaitazama simu.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema nimekosea namba. Amesema hana mtoto." Uso wake ulikuwa umebadilika. "Na sauti ni yake, naijua."

Asubuhi yake bodaboda ilishusha mfuko mlangoni: unga wa ulezi, samaki wakavu wa ziwani, na majani ya kuchemsha yaliyofungwa kwenye kanga. Dereva hakujua aliyetuma. Alipewa na dereva mwingine, aliyepewa na mwingine. Madam aliusukuma kwa mguu kwanza kabla ya kuugusa. Mimi nilifurahi mpaka nikalia, lakini si kwa sababu ya chakula. Tangu siku ya kiapo, kila nikilala nilikuwa najiuliza kama bado yu hai, na sikuwa na ruhusa ya kuuliza. Mfuko ulinijibu.

Nilipona. Kiapo kilikubaliwa, mkopo ukatoka, chuo kikanichukua. Madam aliwaambia wateja wote kana kwamba anayekwenda ni yeye. "Mmemwona huyu? Na nyie leteni vyeti mapema, msiningojeshe!" Nilikata tiketi ya basi la alfajiri linalopita Mbeya, kiti cha dirishani. Nilimtumia shangazi ujumbe mmoja, tarehe na saa, bila jina la basi. Haukujibiwa.

Asubuhi hiyo stendi ilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Mabasi mawili yalikuwa yamepangwa sambamba, injini zinanguruma, letu la Mbeya na lile la Mpanda. Nilishakaa nilipomwona. Alitokea upande wa wauza chai, na kitenge kilekile, kichwani amebeba furushi. Nikanyanyua mkono. Alipita chini ya dirisha langu karibu kiasi cha kumgusa kilemba, wala hakuinua macho.

Alipanda basi la Mpanda.

Nilimwona akisogea katikati ya viti mpaka dirisha lililotazamana na langu. Pembeni yake alikaa msichana wa umri wangu, mwenye sweta jekundu. Shangazi akamgeukia. Akamwekea vizuri kola ya sweta. Kisha akaanza kusema naye, kwa sauti, mkono wake begani kwa yule msichana, na ingawa vioo vilikuwa vimefungwa, mdomo wake niliusoma vizuri. Alikuwa anamwita mwanangu. Msichana wa watu alikuwa anatabasamu tabasamu la kumvumilia mtu mzima asiyemjua.

Nikaelewa anafanya nini. Anakwenda upande usio wangu, na anakwenda na mtoto, ili mauti, kama inatazama, imfuate yeye.

Basi letu likatoka kwanza. Hakugeuka.

Barabara ya Tunduma ilikuwa na ukungu mpaka Laela. Nilihesabu vijiji, nikajaribu kusoma barua ya udahili, sikuweza. Jua lilipokuwa juu nilikuwa bado nayasikia yale maneno ya mzee, naiona ile fimbo na yule msichana wa sweta jekundu ambaye hakuna aliyemuuliza. Tulipoingia Mbeya nilimpigia Madam. Nilimwomba atoke dukani avuke stendi, akaulize kwa wakatisha tiketi kama basi la Mpanda la asubuhi limefika.

"La Mpanda? Wewe si uko Mbeya?"

"Nakuomba, Madam."

Nilisikia hatua zake, honi, wapiga debe, kisha sauti za watu kwa mbali. Nilishikilia simu kwa mikono miwili. Mwanamume aliyekaa pembeni yangu, ambaye sikumwona alipopandia, alikuwa ameacha kula karanga na kunitegea sikio.

"Limefika," Madam akasema, anahema. "Limefika saa tano, salama kabisa, abiria wote wameshuka. Umenitisha bure. Kwani una mtu wako humo?"

Nilimtazama yule mwanamume. Alitazama mbele.

"Sina," nikasema, kwa sauti ya kusikika viti vyote vya karibu. "Sina mtu. Nilikuwa nauliza tu."